Kuhesabu kwa Vidole

Jirani zangu wamezoea kunitania kwamba uzeeni nimerudi kuhesabu vidole kama mtoto wa chekechea. Ni kweli nahesabu. Kila Jumamosi alasiri, kama hakuna msiba wala harusi, kibarazani kwangu huku Old Moshi huketi wazee saba au wanane, na mbele yao, juu ya mkeka, wajukuu idadi hiyo hiyo au zaidi. Wote wamekunja na kukunjua vidole, midomo ikichezacheza. Mpita njia asiyejua angedhani tunagawana deni. Kumbe tunatunga haiku, shairi fupi la Kijapani, mizani tano, saba, na tano.

Nimeulizwa mara nyingi nimepata wapi jambo hili, na kwa nini Mchagga mzee ahangaike na mashairi ya Wajapani ilhali ya kwetu hayajamshinda kuyasahau. Jibu lake ni refu, na linaanza na kosa langu mwenyewe.

Ndugu msomaji aliyezaliwa baada ya miaka ya themanini pengine hajui jinsi nchi hii ilivyowahi kushikwa na homa ya kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata zilichaguliwa wilaya sita ambazo ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ulitakiwa ufutwe upesi kuliko kwingine. Mafia na Ukerewe zilikuwamo, na Kilimanjaro ilikuwamo pia. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, mwalimu mpya wa shule ya msingi, na kama walimu wenzangu wote nilikabidhiwa darasa la kisomo. Asubuhi nilifundisha watoto, alasiri nikawafundisha mama zao na babu zao, kwenye madawati yale yale, magoti yakigonga mbao.

Tulikuwa na vitu viwili vya kufundishia: kitabu na ngonjera. Vitabu vya kisomo vilitungwa kufuata kazi za watu. Kulikuwa na vya pamba, vya ndizi, vya uvuvi, vya ng'ombe, vya utunzaji wa nyumba. Kilichonifikia mimi kilikuwa cha pamba. Wanafunzi wangu, ambao maisha yao yote yalikuwa kahawa na migomba, walijifunza kusoma neno la zao wasilopata kulilima. Hawakulalamika. Mzee mmoja aliniambia kwamba Mungu mwenyewe anasomwa habari zake na watu wasiopata kumwona, sembuse pamba.

Ngonjera nazo zilikuwa zimetoka motoni wakati huo. Mwaka 1968, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliwaita washairi na kuwaomba waieneze siasa ya Ujamaa kwa sanaa yao. Mathias Mnyampala wa Dodoma, mmoja wa viongozi wa chama cha washairi, UKUTA, ndiye aliyeupa umbo mtindo ule wa watu wawili kubishana kwa beti, mmoja mjinga na mmoja mjuzi, hata wakaafikiana mwishoni. Yeye alifariki mwaka 1969, na kitabu chake cha kwanza cha ngonjera kikatoka mwaka 1970, mwenyewe hayupo. Nakiri kwamba tulizifundisha kama kasuku anavyofundishwa salamu. Watoto walizikariri kwa ajili ya Saba Saba na sherehe za Uhuru, watu wazima wakazikariri kwa ajili ya mgeni kutoka wilayani. Walizisema vizuri mno. Sijui hata mmoja aliyewahi kutunga yake, maana hatukumwomba atunge.

Sasa kosa langu. Katika darasa lile alikuwamo mama mmoja wa makamo, mjane, ambaye mwanawe alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi na ulikuwa mwaka wa nne hajarudi. Barua alikuwa akiandikiwa na jirani. Siku moja baada ya kipindi alibaki nyuma, akaniambia, "Mwalimu, nataka unifundishe jina la mwanangu tu, na maneno mawili matatu ya kumwambia. Mambo mengine hayasemeki kwa mkono wa jirani." Nilimwuliza jina la kijana. Lilikuwa na "sh". Nikafungua kitabu changu na kumwonyesha kwamba "sh" ipo mbele sana, tutaifikia baada ya Pasaka, na kwamba elimu ni ngazi, hairukwi. Ninaikumbuka sauti yangu nilivyoitumia. Yeye alisema, "Haya, Mwalimu," kwa heshima kabisa, ingawa nilikuwa sawa na mtoto wake wa mwisho. Akaja wiki mbili zaidi, kisha hakuja tena. Katika daftari la mahudhurio niliandika: ameacha.

Baadaye sana nilisikia kwamba alikwenda kwa mtoto wa darasa la nne, binti wa shemeji yake, na yule mtoto akamwandikia, kisha akamshika mkono akaandika jina mwenyewe kwa mkaa juu ya ubao wa mlango wa zizi. Kama kijana wa Mombasa alijibu au hakujibu, sikupata ujasiri wa kuuliza. Mama yule alifariki mwaka 1983.

Takwimu za taifa zilikuwa nzuri, na sisemi hivi kwa dhihaka. Baada ya mtihani wa mwaka 1975 ilihesabiwa kwamba wasiojua kusoma wamebaki kiasi cha asilimia 39, na kufikia mwaka 1986 ikasemwa wamebaki kama asilimia 10 hivi. Nchi chache zilizokuwa fukara kama sisi zilithubutu hata kujaribu. Lakini mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini, kisha asipate gazeti, asipate kitabu kingine, wala mtu wa kumwandikia, husahau. Nimewaona wanafunzi wangu wenye vyeti vya kisomo ukutani wakiweka dole gumba kwenye karatasi za chama cha msingi.

Haiku niliipata tambarare, si mlimani. Wajapani walikuwa wakijenga skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, kule Chekereni na vijiji vya jirani, kwa maji ya mito ya Njoro na Rau. Ilikamilika mwaka 1987, na chuo cha kilimo cha mpunga, KATC, kikafuata mwaka 1994. Nilikuwa nimehamishiwa shule moja ya huko. Mtaalamu mmoja wa Kijapani, mtu mpole aliyeungua jua hata akafanana na sisi, alipenda kunywa chai kwenye kibanda nilikokunywa mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha bwana shamba: mbegu, tuta, mbolea, subiri. Jioni moja nilimwona akihesabu vidole huku akitazama mlima, nikadhani anapiga hesabu ya magunia. Akanieleza kwa shida kwamba anatunga shairi. Akanihesabia jina la mji mkuu wa kwao: To-o-kyo-o, nne. Akanihesabia jina la nchi yake: Ni-p-po-n, nne pia. Ile "n" ya mwisho, isiyo na irabu, ilipewa kidole chake peke yake.

Nilishtuka, nami nikamhesabia: m-tu, mbili. N-chi, mbili. M-li-ma, tatu. Alicheka hata akamwaga chai. Yaani watu wa visiwa vya mbali, ambao lugha yao haina udugu wowote na yetu, wanapima shairi kwa kipimo kile kile alichokieleza Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954! Mwingereza anapima shairi lake kwa mkazo wa sauti, kama mtu anayepiga ngoma. Mswahili na Mjapani wanahesabu, kama wanaopima mahindi kwa pishi.

Kutoka kwake, na baadaye kutoka vitabu vichache, nilijua historia yake. Zamani haiku haikusimama peke yake. Washairi wa Japani waliketi pamoja wakatunga shairi moja refu kwa zamu: huyu anatoa mistari mitatu, yule anaijibu kwa miwili ya mizani saba saba, wa tatu anadaka, hivyo hivyo. Matsuo Bashō, aliyezaliwa mwaka 1644 na kufariki mwaka 1694, alikuwa bwana wa mikutano hiyo, na ndiye aliyelipa lile beti la kufungulia uzito hata likaweza kukaa lenyewe. Jina la haiku lenyewe lilikuja nyuma sana, mwishoni mwa karne ya 19, likienezwa na kijana mmoja mgonjwa, Masaoka Shiki, aliyekufa mwaka 1902 akiwa hajafika miaka thelathini na mitano, miaka yake ya mwisho ameipitisha kitandani kwa kifua kikuu kilichomwingia uti wa mgongo. Huko kwao leo watoto wa shule za msingi hufundishwa haiku, na wazee waliostaafu wana vikundi vyao vya kutunga. Hilo la mwisho nililiweka moyoni miaka mingi bila kujua la kulifanyia.

Nilistaafu nikarudi mlimani. Nilichokikuta ni vihamba vyenye wazee na watoto bila watu wa katikati. Kahawa ilikwisha kuwavunja moyo watu tangu mkataba wa kimataifa uliolinda bei yake ulipoanguka mwaka 1989, wengi wakang'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi, na vijana wakashuka Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam. Watoto waliletwa kwa bibi. Bibi anasema Kichagga, mtoto anasema Kiswahili cha televisheni. Jioni wanaketi jikoni kila mmoja na lake. Jirani yangu, mwanafunzi wangu wa mwaka 1971, alinijia na karatasi ya dawa akaniomba nimsomee, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. Basi ndipo nilipoanza, mwaka 2013, na wazee watatu na watoto watano.

Kwa nini haiku na si shairi letu? Fanya hesabu. Beti moja la shairi la mistari minne yenye mizani kumi na sita ni mizani sitini na nne, tena lina vina vya kati na vya mwisho. Beti la utenzi, ambalo ni jepesi, ni mizani thelathini na mbili. Haiku ni kumi na saba. Mkono unaotetemeka unaweza kuandika mizani kumi na saba kabla haujachoka, na mtoto wa darasa la pili vilevile. Sikuwa na sababu nyingine ya kitaalamu.

Upinzani ulikuwapo. Mzee mmoja, msomaji wa zamani wa ukurasa wa mashairi wa Mambo Leo, alisikiliza siku ya kwanza, akasimama na fimbo yake. "Mwalimu, hiki si shairi. Kina chake kiko wapi? Umetuletea shairi lililonyolewa." Nikamkumbusha kwamba ugomvi huo si mgeni, tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wataalamu wamegombana kama utungo usio na vina ni ushairi. Akasema yeye katika ugomvi huo alikuwa upande wa pili na hajahama. Hajahama hata leo, lakini huja kila Jumamosi kutukosoa, na mizani za watu anazihesabu kwa ukali kuliko mimi. Yeye ndiye aliyetupotezea alasiri nzima tukibishana kama "mvua" ni mizani mbili au tatu. Yeye alisema mbili, kwa sababu "mv" hutamkwa kwa pamoja; watoto walisema tatu, wakiipiga makofi. Hatukuafikiana. Ingekuwa ngonjera tungelazimika.

Halafu kulikuwa na jambo la majira. Haiku hudai neno la kuonyesha msimu, na Wajapani wana misimu minne iliyopangwa kama sahani. Tukaorodhesha ya kwetu. Watoto walitaja kumbikumbi, likizo na maembe kutoka tambarare. Wazee walitaja maua meupe ya kahawa yanayofunguka baada ya mvua za kwanza na kunukia kama asumini, ukungu wa mwezi wa saba, siku ya kusafisha mfongo. Hapo watoto wakauliza, mfongo ni nini? Alasiri nyingine ikaenda kwa hilo, nayo haikupotea: tulitembea kuutazama mfereji ule uliochimbwa na wazee wa ukoo kuleta maji kutoka juu msituni, ambao sehemu yake sasa ni kavu.

Siku ile ile ya matembezi mtoto wa kike wa miaka minane, aliyeletwa kutoka Dar es Salaam na aliyekuwa akiogopa ukungu, alinipa hii:

Ukungu huu
umewameza mbuzi,
sauti tupu.

Yule mzee wa vina aliihesabu mara mbili, akanyamaza, ambayo kwake ni sifa.

Bibi yake, ambaye haandiki, humtamkia mjukuu naye huandika. Hii ni yake, na nadhani wenzangu wa Old Moshi wataielewa kuliko wengine, sisi tuliokua tukiiona theluji imeteremka kuliko leo. Wanasayansi wanasema kati ya mwaka 1912 na 2000 mlima ulipoteza karibu asilimia 80 ya barafu yake. Bibi alisema hivi:

Kibo mzee,
hata kofia yako
imechakaa.

Ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni ile desturi ya kale ya kujibizana. Mzee anatoa tatu, mtoto anajibu mbili. Yule jirani yangu wa karatasi ya dawa, aliyerudia kujifunza a-e-i-o-u akiwa na miaka themanini, alikaa wiki tatu kabla ya kusoma mbele ya watu:

Mfongo kimya,
jembe la baba yangu
lashika kutu.

Ilikuwa zamu ya mjukuu wake wa darasa la tatu, mvulana ambaye, kwa maneno ya babu mwenyewe, walikuwa hawasemezani ila kwa amri. Mvulana alihesabu vidole muda mrefu, kisha akasoma:

Babu, nilete jiwe,
tulinoe pamoja?

Babu alisema kwa Kichagga kwamba jembe halinolewi hivyo kama kisu. Lakini Jumamosi iliyofuata walichelewa wote wawili, wakaja na mikono myeusi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kuiga. Nami huwakumbusha kwamba mzee kumfundisha kijana kwa maneno mafupi yaliyopimwa si ugeni mlimani. Babu zetu walikuwa na mregho, fimbo iliyokatwa alama, na kila alama ilikuwa na fundisho lake ambalo vijana waliimbiwa, alama kwa alama, hata wakaishika fimbo nzima kichwani. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Uchagga mwaka 1902 na kuishi hapa Old Moshi miaka mingi, alijaza mafundisho ya namna hiyo katika vitabu vitatu vinene vilivyochapishwa kati ya mwaka 1932 na 1938, kwa Kijerumani. Wajukuu wetu wakitaka kuyasoma leo yawabidi wajifunze lugha ya Wajerumani kwanza. Huo ni uchungu ninaouacha hapo hapo.

Kitabu situmii tena. Mzee anapokuja mara ya kwanza nami namwuliza swali moja tu, lile nililotakiwa kumwuliza mama wa Mombasa: unataka kuandika nini? Mmoja alitaka kuandika majina ya watoto wake waliokufa, kwa kufuatana. Mwingine alitaka jina la mbwa wake. Kama jina lina "sh", tunaanza na "sh".

Mwezi uliopita alikuja bibi wa miaka sabini na sita, mfanyabiashara wa ndizi, mjukuu akimshika mkono. Nilimwuliza swali langu. Akasema mashairi hana haja nayo; anataka kuandika nani anadaiwa mikungu mingapi, maana mteja mmoja wa Mbuyuni anamwibia. Nikaliweka shairi kando, nikachukua chaki, nikaandika alichotamka: ndizi mikungu miwili. Mjukuu wake, aliyekwisha kuwatazama wenzake kwenye mkeka, akahesabu kwa vidole. "Nane," akasema. "Bibi, umezidisha moja."

Bibi akamwambia mikungu ni miwili, na hapunguzi hata mmoja.